Sura ya Sita: Kilichopimwa Kinaitwaje?

Kwa muda mrefu, kila aliyechora mstari wa halijoto ya dunia katika karne ya 20 alikuta poromoko la ajabu mwishoni mwa mwaka 1945. Mstari ulikuwa ukipanda na kushuka kidogo kidogo kama ilivyo kawaida yake, mara ukaanguka kwa takriban nyuzi joto 0.3. Hakukuwa na mlipuko wa volkano wa kulieleza anguko hilo, na El Niño nayo haikutosha kulieleza. La kushangaza zaidi, ukitenganisha vipimo vya nchi kavu na vya baharini, poromoko lilikuwa la baharini peke yake. Nchi kavu haikuwa na habari.

Jibu lilichapishwa mwaka 2008 katika jarida la Nature na David Thompson pamoja na wenzake John Kennedy, John Wallace na Phil Jones. Bahari haikuwa imepoa. Kilichobadilika ni meli. Katika miaka ya vita, sehemu kubwa ya vipimo vilivyohifadhiwa ilitoka kwenye meli za Marekani, na huko mabaharia walisoma joto la maji yanayovutwa kutoka baharini kwenda kupoza injini. Vita vilipokwisha, vipimo vya Wamarekani vikapungua kwenye kumbukumbu na vya Waingereza vikaongezeka ghafla. Waingereza walipima kwa ndoo: unaitupa baharini kwa kamba, unaivuta hadi sitahani, unatumbukiza kipimajoto. Ndoo ya turubai ikiinuliwa kwenye upepo, maji yake huvukiza na kupoa kabla hayajasomwa. Maji ya injini nayo hupata joto kidogo yakiwa ndani ya meli. Kila baharia aliandika kwa uaminifu alichokiona, na wote waliandika chini ya kichwa kimoja: halijoto ya uso wa bahari.

Vipimajoto vilikuwa vizima na watu walikuwa makini. Kasoro ilikaa kwenye kichwa cha safu, pale ambapo vitu viwili tofauti vilipewa jina moja, na ilichukua zaidi ya miaka 60 mpaka watu waione. Ndiyo maana nalitengea suala la majina sura nzima katika kitabu kinachohusu tabianchi. Watu wengi hulipita haraka wakidhani ni kazi ya makarani. Mimi naliona ni sehemu ya sayansi yenyewe, kwa sababu namba isiyojulikana imepima nini haiwezi kujibu swali lolote.

Tatizo hili lina upande wa pili: kitu kimoja chenye majina mengi. Chukua mvua ya siku moja ya masika jijini Dar es Salaam, tuseme milimita 50, na tuseme kila anayeikadiria ameipata sawasawa. Kwenye CHIRPS, data ya mvua inayotayarishwa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kwa kuunganisha picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, utaikuta kama 50, chini ya jina precip. Kwenye ERA5, data ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ukijumlisha saa zote 24 utapata 0.05, chini ya jina tp, kwa kuwa wao huandika kwa mita. Fungua sasa faili la modeli ya tabianchi, zile zinazotumiwa katika ripoti za IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi. Humo mvua ile ile itakuwa 0.00058, na jina lake ni pr.

Hiyo namba ya mwisho humtisha mwanafunzi anayeiona kwa mara ya kwanza. Hudhani faili limeharibika. Kumbe ndiyo iliyoandikwa kwa uangalifu kuliko zote. Inasema ni kilo ngapi za maji zimeanguka juu ya kila mita ya mraba katika kila sekunde. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo milimita 50 ni kilo 50 kwa mita ya mraba. Zigawe kwa sekunde 86,400 za siku nzima, utapata 0.00058. Faida ya kuhesabu kwa kilo huonekana pale kinachoanguka kinapokuwa kitu kingine kuliko maji. Theluji inayoanguka kwenye kilele cha Kilimanjaro inaweza kuwa na unene wa sentimita kumi na ikiyeyuka itoe sentimita moja tu ya maji. Ukiandika unene peke yake, msomaji hajui unazungumzia unene upi. Uzito haubadiliki kwa kuyeyuka.

Kabla watu hawajakubaliana kuhusu majina, kila taasisi ilikuwa na desturi yake. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikuwa na mfumo wa kupeleka data kwa namba badala ya majina: katika jedwali lake la toleo la kwanza, halijoto ni namba 11. Kituo cha Ulaya kilikuwa na jedwali lake mwenyewe, na humo halijoto ni 130. Mfumo huo ulifaa sana kwa kurusha utabiri kwenye simu za waya za zamani, kwa vile namba huchukua nafasi ndogo. Lakini ukipewa faili bila jedwali lake, umepewa fumbo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Unidata huko Boulder, jimbo la Colorado, walitengeneza aina ya faili iitwayo netCDF, ambayo hubeba maelezo yake ndani yake: safu hii inaitwa hivi, imepimwa kwa kizio hiki, imeandaliwa na fulani. Ilikuwa hatua kubwa, ila iliacha kila mtu huru kujichagulia maneno. Mmoja aliandika temp, mwingine T, mwingine jina la utani lililoeleweka ofisini kwake tu. Mwaka 1995 kundi la taasisi za Marekani lilikubaliana kanuni chache zilizoitwa COARDS. Mwezi Oktoba 2003 likatoka toleo la kwanza la kanuni za CF, kwa ajili ya data za tabianchi na utabiri. Waandishi wake walikuwa Brian Eaton, Jonathan Gregory, Bob Drach, Karl Taylor na Steve Hankin, waliokuwa wakifanya kazi katika taasisi za Marekani na Uingereza. Ndani ya kanuni hizo mlikuwa na kitu ambacho naamini kimeokoa miaka mingi ya kazi za watu: jedwali la majina sanifu.

Kila jina katika jedwali lina maelezo yanayosema maana yake na kizio kinachoendana nacho. Mwenye faili anaweza bado kuiita safu yake anavyopenda, tp au pr au chochote, mradi pembeni aandike jina sanifu. Ukiona precipitation_flux, unajua ni kilo kwa mita ya mraba kwa sekunde au kitu kinachogeuzika kuwa hivyo, na unajua kwamba theluji na mvua ya mawe zimo. Kama ni mvua ya maji peke yake, jina lake ni jingine, rainfall_flux. Programu ya kompyuta iliyoko Nairobi inaweza kusoma faili lililoandikwa Tokyo na ikajua la kufanya bila mtu kupiga simu.

Majina haya yameandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, maneno yakiungwa kwa mstari wa chini, na kwa tahajia ya Kimarekani hata pale anayependekeza ni Mwingereza. Ni marefu, na mengine ni marefu mno. Lakini ukikaa nayo kidogo utaona kwamba kila neno limepewa kazi moja na halihamihami. Neno la kiasi maana yake daima ni uzito kwa eneo. Neno la ujazo wa angani maana yake ni jumla ya kitu hicho kuanzia chini hadi juu kabisa ya angahewa. Neno surface halimaanishi “karibu na ardhi” kama tunavyolitumia mazungumzoni. Maana yake ni mpaka kamili ambapo hewa inakutana na kilicho chini yake, liwe jani, lami au maji.

Uelekeo nao umo ndani ya jina. Jua linapovukiza maji ya Ziwa Victoria, joto huondoka ziwani na kupanda angani pamoja na mvuke. Modeli moja itaandika wati 100 kwa mita ya mraba kwa kuwa inahesabu kinachopanda. Nyingine itaandika wati 100 hasi kwa kuwa inahesabu kinachoshuka. Zote ziko sahihi. Chukua wastani wake bila kujua hilo, utapata sifuri, na utaandika kwamba ziwa halivukizi. Kwa sababu hiyo yako majina mawili, la kupanda na la kushuka, na hakuna la tatu lisilotaja uelekeo.

Upepo una historia yake. Wataalamu wa hali ya hewa huutaja kwa unakotoka, wakati wataalamu wa bahari huutaja mkondo kwa unakokwenda. Nahodha wa jahazi hana shida na hilo, lakini kompyuta inayo. Jedwali likaweka jina moja la uelekeo unakotoka upepo na jingine la unakokwenda, na majina mengine ya kuugawa upepo sehemu mbili, ya kwenda mashariki na ya kwenda kaskazini. Kusi inayovuma katika mkondo wa Zanzibar mwezi Julai, ikitokea kusini na kusini-mashariki, itakuwa na namba chanya katika sehemu ya kaskazini na namba hasi katika ile ya mashariki.

Sasa turudi kwenye ndoo, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Kanuni ya msingi ya CF ni kwamba jina liseme ni kitu gani kilichopimwa, wala lisiseme kimepimwa wapi, lini au kwa chombo gani. Halijoto ya hewa ni air_temperature, iwe ya urefu wa mita mbili juu ya ardhi au ya kilomita kumi. Urefu huandikwa mahali pake. Iwe wastani wa mwezi au joto la juu kabisa la siku, hilo nalo lina mahali pake. Naiunga mkono kanuni hii. Bila hiyo, jedwali lingehitaji jina jipya kwa kila chombo na kila saa, na lingekufa kwa uzito wake.

Lakini bahari inaibana kanuni hiyo. Setilaiti inayotumia miale ya infraredi huona ngozi ya maji yenye unene wa kama sehemu ya mia ya milimita. Inayotumia mawimbi ya maikrowevu huona chini zaidi, kama milimita moja. Boya husoma kwenye kina cha mita moja hivi, na maji ya injini ya meli hutoka mita kadhaa chini. Siku ya shwari yenye jua kali, tofauti kati ya juu na chini inaweza kufika nyuzi joto mbili au tatu. Je, hizi ni njia tofauti za kupima kitu kimoja, au ni vitu tofauti? Baada ya mazungumzo marefu, kundi la kimataifa linaloshughulikia joto la bahari kutoka angani liliamua kwamba ni vitu tofauti. Ndiyo maana leo jedwali lina sea_surface_skin_temperature kwa ngozi, jina jingine kwa tabaka lililo chini ya ngozi, na jingine tena kwa kina ambacho joto la mchana halikifikii. Jina la jumla lilibaki, kwa ajili ya data za zamani ambazo hakuna tena wa kumuuliza. Kama mabaharia wa 1945 wangekuwa na nafasi ya kuandika kina na chombo, lile poromoko lisingemhangaisha mtu yeyote.

Chumvi ya bahari ilileta mjadala mzito kuliko huo. Tangu 1978 wanasayansi hukadiria chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, na matokeo yake ni uwiano usio na kizio. Maji ya kawaida ya bahari hutoa 35. Wengi, kwa kutovumilia namba tupu, walibandika kizio ambacho hakikuwa kizio. Kisha mwaka 2010 ulianza kutumika mfumo mpya uliopitishwa chini ya UNESCO, unaohesabu gramu halisi za chumvi katika kila kilo ya maji. Katika mfumo huo, maji yale yale ya 35 husomeka takriban 35.17. Tofauti ni ndogo, lakini vyombo vya kupimia bahari kuu vina uwezo wa kuona tofauti ndogo zaidi ya hiyo. Wakati watu walipokuwa wakishangilia mfumo mpya, lilitoka agizo la busara: kwenye maktaba za data endeleeni kuhifadhi ile ya umeme, kwa kuwa ndiyo iliyopimwa; ile ya gramu ikokotolewe kila inapohitajika. Na kila moja ikapewa jina lake. Data ambazo haijulikani zilipimwa kwa mfumo upi zikabaki na jina la jumla, lisilodai zaidi ya linalojua.

Kuna vipimo ambavyo swali lake kubwa ni “kuanzia wapi?” Anayekuambia mkutane saa mbili asubuhi amehesabu tangu kuchomoza kwa jua, tiketi ya ndege ikikuandikia 08:00 imehesabu tangu usiku wa manane, na wote wawili wanakuita wakati mmoja. Usawa wa maji ni hivyo hivyo. Kipimo cha Ziwa Victoria kilichoko Jinja husoma kama mita 13, wakati uso wa ziwa uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Setilaiti nayo huanzia kwenye umbo la dunia la kihesabu, tufe lililobonyea, na hutoa namba ya tatu. Baharini tofauti hiyo si ya kupuuza: kusini mwa Sri Lanka, kwa sababu ya mvutano wa dunia kuwa hafifu pale, usawa wa kawaida wa maji uko zaidi ya mita 100 chini ya lile umbo la kihesabu. Jedwali lina jina la kila kianzio, pamoja na water_surface_height_above_reference_datum kwa vituo kama cha Jinja vyenye alama yake ya kuanzia.

Majina haya hayashushwi na ofisi kutoka juu. Mtu yeyote anaweza kupendekeza. Huandika jina, kizio na maelezo, kisha huanza kuulizwa maswali hadharani, kwa maandishi, na watu asiowajua: unamaanisha hewa kavu au yenye unyevu? Barafu inahesabiwa? Ukisema udongo, mpaka kina gani? Wengine hukata tamaa njiani. Wengi hugundua kwamba hawakuwa wamelijua vizuri wanalolipima mpaka walipoulizwa. Jina likikubaliwa huingia katika toleo jipya la jedwali, ambalo hutolewa mara kadhaa kwa mwaka na kutunzwa Uingereza, na leo lina majina zaidi ya 4,000. Ikionekana baadaye kwamba jina lina kasoro, hurekebishwa, lakini la zamani halifutwi. Hubaki kama jina la pili linaloelekeza kwa jipya. Kwangu mimi hiyo ndiyo kanuni bora kuliko zote walizoziweka, maana faili la mwaka 2005 linasomeka leo bila kuguswa.

Huku kwetu kazi hii ina sura yake. Daftari la mvua la kituo cha Tanganyika linaweza kuanza kwa milimita enzi ya Wajerumani, likaendelea kwa inchi chini ya Waingereza, kisha likarudi kwenye milimita. Ukurasa ulioandikwa 2.5 bila kizio unaweza kuwa manyunyu au unaweza kuwa milimita 63.5, mvua ya kujaza mitaro. Anayelijua jibu ni karani aliyelishika daftari, au mkuu wa kituo aliyelipokea kwake, na wengi wao wameshastaafu. Daftari likiingizwa kwenye kompyuta na mtu ambaye hakuuliza, kosa huzama ndani ya wastani, wastani huingia kwenye ramani, na ramani huenda kwa mhandisi anayekadiria upana wa kalvati.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wanaofanya kazi hii: walioko kwenye mamlaka za hali ya hewa, ofisi za mabonde ya maji, vituo vya utafiti wa samaki na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Kabla hujagawa faili lako kwa mtu, andika ndani yake jina sanifu, kizio, kianzio, chombo kilichotumika na namna wastani ulivyopatikana. Kama kitu unachopima hakina jina kwenye jedwali, pendekeza jina lake na uyajibu maswali. Na kama kuna mzee mstaafu aliyesoma kipimamvua cha kituo chenu, mfuateni mwaka huu, mkae naye na daftari mezani, mumuulize safu kwa safu.